Matumizi ya MRI Kuchunguza Sakafu ya Nyonga ya Mwanamke

Sakafu ya nyonga ni tabaka la misuli na tishu unganishi lililotanda kuanzia mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma. Kwa mwanamke, tabaka hili hushikilia kibofu cha mkojo upande wa mbele, uterasi na uke katikati, na puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, upande wa nyuma. Pia husaidia kuzuia mkojo na choo.

Kwa nini sakafu hii hulegea?
Misuli yake huvutika sana mtoto anapopita wakati wa kujifungua. Sababu nyingine ni umri, kupungua kwa homoni ya estrojeni baada ya hedhi kukoma, unene uliozidi, kikohozi cha muda mrefu na kujikamua kwa sababu ya choo kigumu. Dalili zake ni mkojo kuvuja mtu anapokohoa au kucheka, choo kutotoka chote, na kuhisi kitu kinashuka ukeni. Wanawake wengi hunyamaza kwa aibu, ilhali tatizo hili lina tiba.

MRI hufanyaje kazi?
Mwili una maji mengi, na kila molekuli ya maji ina atomi mbili za haidrojeni. Sumaku ya mashine, ambayo mara nyingi ina nguvu ya tesla 1.5 au 3, hupanga protoni za atomi hizo. Mawimbi ya redio huzitoa katika mpangilio huo. Yanapokatwa, protoni hurejea na kutoa ishara ambazo kompyuta hugeuza kuwa picha. Misuli, mafuta na mkojo hutoa ishara tofauti, hivyo tishu laini huonekana vizuri kuliko katika eksirei. Tena, MRI haitumii miale ya eksirei.

Kipimo chenyewe
Kiungo kinaweza kuonekana mahali pake mgonjwa akiwa ametulia, kisha kikashuka anapojikamua. Kwa hiyo picha moja haitoshi. Mgonjwa hupigwa picha akiwa:
(a) ametulia;
(b) amebana misuli;
(c) anajikamua;
(d) anatoa jeli iliyowekwa kwenye puru.

Daktari huchora mstari kutoka ukingo wa chini wa mfupa wa kinena hadi kiungio cha mwisho cha kifandugu, kisha hupima kiungo kimeshuka kiasi gani chini yake. Chini ya sm 3 ni kushuka kidogo, sm 3 hadi 6 ni wastani, na zaidi ya sm 6 ni kushuka sana.

Faida na mipaka
Uchunguzi huanza kwa maelezo ya mgonjwa na kupimwa kwa mkono. MRI huhitajika hasa dalili zisipolingana na alichokiona daktari, au kabla ya upasuaji mgumu. Kwa mfano, uvimbe kwenye ukuta wa nyuma wa uke unaweza kuwa puru au utumbo mwembamba. Daktari asipotofautisha, anaweza kurekebisha kimoja na kuacha kingine, na mgonjwa akarudi na shida ileile.

Hata hivyo, katika mashine nyingi mgonjwa hulala chali, hivyo uzito wa viungo hauvuti kama anaposimama. Gharama ni kubwa, na baadhi ya vifaa vya chuma mwilini haviruhusiwi karibu na sumaku.

Zingatia: Si kila mgonjwa hupasuliwa. Wengine hupata nafuu kwa mazoezi ya kubana misuli ya nyonga, au kwa kifaa kiitwacho pesari kinachowekwa ukeni kushikilia viungo.

Maswali ya kujipima
1. Eleza kwa nini mgonjwa hutakiwa kujikamua wakati wa kipimo.
2. Kibofu kimeshuka sm 4 chini ya mstari. Je, hicho ni kiwango gani?
3. Toa sababu mbili za kuchagua MRI badala ya eksirei.