Kazi yenu inafia kwa grupu ya WhatsApp

Hebu nikuulize: ile grupu ya kazi yenu iko na meseji ngapi hujasoma? Sasa niambie, bila kurudi juu kutafuta, nani anafaa kuleta nini na lini.

Umenyamaza, sivyo? Hata sisi tulinyamaza hivyo. Tulikuwa wanne, tumepewa kazi ya kuchapisha fulana 60 za sherehe ya familia. Mteja akasongesha tarehe mbele kwa wiki moja. Ujumbe uliingia saa nne usiku, ukamezwa na stori za mpira. Kila mmoja aliyeuona alidhani mwenzake amejibu. Sherehe ikawa Jumamosi, fulana zikafika Jumatatu. Ile Sh15,000 ya mbele ilikuwa imeshanunua vitambaa, kwa hivyo tulirudisha kutoka mifukoni mwetu.

Hakuna aliyekuwa mvivu. Shida ni kwamba kazi ya wote haikuwa na mwenyewe.

Kampuni kubwa zilikutana na shida hii zamani. Huko Japani, Taiichi Ohno wa Toyota alitazama jinsi supamaketi za Marekani zinavyojaza rafu: kinachochukuliwa ndicho kinachorudishwa. Akaleta mtindo huo kiwandani kwa kutumia kadi, maarufu kama kanban. Bila kadi, hutengenezi kitu. Baadaye waundaji wa programu wakauchukua, na mwaka 2011 Trello ikazaliwa, ubao wa kadi kwenye simu na kompyuta. Kufikia 2017, Atlassian iliinunua kwa dola milioni 425. Pesa hizo zote kwa wazo la kadi!

Lakini usikimbilie apu kwanza. Chora safu tatu: Ya Kufanya, Inafanywa, Imekwisha. Kila kazi ipate kadi yake, jina la mtu mmoja na tarehe. Si majina mawili, ni moja. Halafu wekeni kikomo: kadi zikifika tatu kwa safu ya katikati, hakuna kuanzisha nyingine hadi moja imalizike. Mteja akibadilisha kitu, kadi ndiyo inabadilishwa, siyo kuandika tu "sawa" kwa grupu. Na kila asubuhi simameni dakika 15, kila mtu aseme amekwama wapi.

Mnamo 2001, waundaji programu 17 walikutana Snowbird, jimbo la Utah, wakaandika misingi ya Agile. Jambo la kwanza walilosema ni kuwa watu na mazungumzo yao wana uzito kuliko taratibu na vifaa. Maana yake ni kwamba ubao hautakuongelea.

Wetu ni karatasi ya manila ukutani. Yule mteja hajarudi, na simlaumu. Lakini leo ukituuliza nani ana kazi gani, hakuna anayeshika simu kutafuta. Tunaangalia ukuta tu.

Wewe je, jina lako liko kwa kadi gani?