Nani Hualikwa? Kongamano la Makerere la 1962 na Lugha ya Mikutano Yetu

Kila mwaka walimu na wanafunzi wa Kiswahili katika kanda yetu hupokea matangazo ya makongamano ya kimataifa. Wengi wetu hutazama kwanza tarehe, kisha nauli. Makala haya yanapendekeza tutazame kwanza lugha itakayotumika ukumbini, kwa kuwa ndiyo huamua nani ataitwa na ni mawazo ya nani yatakayosikika. Mfano ulio wazi zaidi ulitokea hapahapa Kampala.

Mwezi Juni 1962, miezi michache kabla ya uhuru wa Uganda, Chuo cha Makerere kilikuwa mwenyeji wa kongamano la waandishi wa Kiafrika. Walifika Chinua Achebe, Wole Soyinka na Christopher Okigbo kutoka Nigeria. Ezekiel Mphahlele na Lewis Nkosi, wana wa Afrika Kusini waliokuwa uhamishoni. Grace Ogot na Rebeka Njau wa Kenya. Na mshairi Langston Hughes kutoka Marekani. Siku zile haikuwa rahisi Mnigeria na Mkenya kukaa pamoja na kusomeana kazi zao. Vitabu na magazeti yalipitia London kabla ya kumfikia jirani.

Faida ilionekana mapema. Mwanafunzi mmoja wa Makerere, James Ngugi, ambaye baadaye alijulikana kama Ngũgĩ wa Thiong'o, alimpa Achebe mswada wake ausome. Mwaka 1964 riwaya ya Weep Not, Child ikatoka katika mfululizo wa Heinemann ambao Achebe alikuwa mhariri wake. Mambo ya namna hii hayaandikwi kwenye ratiba. Hutokea wakati wa chai, baina ya mada moja na nyingine, na pengine ndiyo sababu kubwa ya watu kusafiri mbali kukutana.

Hata hivyo, kongamano lile lilijitambulisha kuwa la waandishi wa Kiafrika wanaotumia Kiingereza. Katika Decolonising the Mind (1986), Ngũgĩ alieleza maana ya sharti hilo: yeye, mwanafunzi mwenye hadithi fupi chache tu zilizochapishwa, alistahili kualikwa, lakini Shaaban Robert, mwenye vitabu kadhaa vya Kiswahili, hakustahili. Shaaban Robert alifariki mwezi uleule wa Juni 1962, katika nchi jirani. Ukumbini wajumbe walikuwa wakijadili fasihi ya Kiafrika ni nini.

Mwaka 1963 Mnigeria Obi Wali aliuliza swali hilo upya katika jarida la Transition, lililoanzishwa Kampala mwaka 1961. Alidai kwamba fasihi ya Kiafrika inayoandikwa kwa lugha za Ulaya haina pa kwenda. Waliokuwapo Makerere walimjibu kwa ukali, na mabishano hayo bado yanafundishwa madarasani. Januari 2000, mjini Asmara, Eritrea, kongamano jingine lilizifanya lugha za Kiafrika kuwa ndiyo mada yenyewe, na likatoa Azimio la Asmara. Ilichukua karibu miaka arobaini.

Sisi tunaofundisha Kiswahili tusijione tumekwisha kuvuka. Mara nyingi mada husomwa kwa Kiswahili fasaha, kisha mgeni mmoja ananyoosha mkono, anauliza kwa Kiingereza, na mjadala wote unahamia huko. Walimu wa sekondari, ambao ndio wenye uzoefu wa darasani, hunyamaza. Upo pia upande wa pili: mtaalamu wa Kilingala au Kinyarwanda anayefika kwenye kongamano la Kiswahili peke yake huweza kukaa kama Shaaban Robert ambavyo angekaa nje ya ukumbi wa Makerere.

Dawa zipo na si za gharama kubwa. Ikisiri ichapishwe kwa lugha mbili. Mwenyekiti wa kikao atangaze mwanzoni kwamba swali huulizwa kwa lugha yoyote kati ya hizo mbili na hujibiwa kwa Kiswahili, naye afupishe jibu kwa ajili ya wasioelewa. Muda wa maswali uongezwe, hata ikibidi kupunguza idadi ya mada. Na mwanafunzi anayeandaa ikisiri yake ya kwanza, kabla hajaituma, awaandikie waandaaji kuuliza mjadala utaendeshwa kwa lugha gani.