Kasoro ndogo nani aipange foleni?

SISI tuliorudi nyumbani tunalijua swali hili. Unafika kwenye kiwanja cha wazazi unakuta paa limetoboka, mlango hauna komeo na ukuta umepauka. Fedha mkononi ni kidogo. Utaanza na lipi?

Swali hilo nimelikuta tena mahali nisipotegemea: kwenye mchezo wa kompyuta.

Mpwa wangu, ambaye familia yake ilipelekwa Marekani kutoka kambi za Kigoma, hucheza mtandaoni kwenye seva inayoendeshwa na mashabiki wenyewe. Siku moja alinipigia simu amekasirika. "Mjomba, nimewaandikia mara tatu kuhusu kasoro, hawajibu. Wanatudharau."

Kasoro zenyewe zilikuwa mbili. Jina la duka ndani ya mchezo limekosewa herufi, na kuna ngazi ambayo mchezaji akipita pembeni yake hunasa mpaka azime na kuwasha upya. Nikamuuliza aliandikaje. Kumbe aliandika: "Mchezo wenu mbovu, utengenezeni."

Ndugu msomaji, seva za namna hii zina historia. Mchezo wa City of Heroes ulianza 2004, na kampuni ya NCSoft ya Korea Kusini ikaufunga Novemba 30, 2012. Wachezaji wakatawanyika. Mwaka 2019 mashabiki wakaufufua kwenye seva zao, mojawapo ikiitwa Homecoming, yaani kurudi nyumbani. Januari 2024 NCSoft ikaipa seva hiyo kibali rasmi. Mwishoni mwa mwaka huo huo wa 2012 kambi ya Mtabila, kule Kasulu, ilifungwa na watu wetu wakavuka mpaka kurudi Burundi. Silinganishi mchezo na ukimbizi, ila jina hilo lilinigusa.

Mafundi wa seva kama hizi kwa kawaida ni watu wa kujitolea. Mchana wana kazi zao, usiku wana saa moja au mbili. Hawawezi kutengeneza kila kitu, hivyo hujiuliza maswali mawili: kasoro hii inaleta hasara gani, na inawagusa wangapi?

Inayoangusha seva au kufuta mali ya mchezaji hutangulia bila mjadala. Ugomvi uko kwenye ndogo. Herufi iliyokosewa haimzuii mtu. Zikikusanywa nyingi, hurekebishwa kwa siku moja. Ngazi inayonasa, ikiwa njiani kwa wageni wote, hupanda juu, kwani mgeni aliyenasa siku ya kwanza harudi tena.

Kisha kuna kasoro isiyolalamikiwa. Mchezaji agundue namna ya kufanya kitu kimoja kiwe viwili, atanyamaza kwa sababu anafaidika. Wafanyabiashara wa mpakani mnajua noti bandia zikiingia sokoni bei hufanya nini. Hiyo, hata ikiripotiwa na mtu mmoja, ni ya haraka.

Tena fundi hatibu asichokiona, maana kurekebisha hapa kunaweza kuharibu pale. Anataka kujua: ulikuwa wapi, ulifanya nini, ulitegemea nini, kikatokea nini. Mpwa wangu aliandika upya hivyo. Ngazi ilitengenezwa baada ya wiki mbili. Jina la duka bado, lakini alijibiwa kwamba limepokelewa na linasubiri zamu. Hasira ikaisha.

Mimi ndiye niliyebaki na deni. Shuleni ninakofundisha, wasichana walikuwa wamesema choo chao hakina komeo. Nililiandika mwisho wa orodha, chini ya rangi ya lango, kwa kuwa lango huonwa na wageni. Nilipojiuliza yale maswali mawili niliona aibu: lango halimzuii mtu kusoma, lakini kuna wasichana waliokuwa wakirudi nyumbani saa nne na hawaonekani tena siku hiyo.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Komeo lilifungwa Jumatatu. Rangi ya lango inasubiri.