Kuitazama Nchi Mara Moja na Kuitazama Mara Nyingi

Wasikilizaji wetu, leo twapenda kueleza jinsi wataalamu wanavyotambua mahali ambapo msitu wa hifadhi utageuka shamba, kabla haujageuka. Tuanze na Kongwa yenyewe.

Mwaka 1946 walikuja wajumbe kutoka Uingereza, mkuu wao John Wakefield, kutafuta nchi ya kulima karanga. Kwa wiki tisa walizunguka, na sehemu kubwa waliiona kutoka katika ndege. Wakashauri zilimwe eka zaidi ya milioni tatu. Kazi ikaanza Kongwa mwaka 1947. Lakini udongo wetu ukikauka huwa mgumu kama saruji, na mvua ni za mashaka. Mwaka 1951 mpango ulikomeshwa, na pori lilikuwa limekwisha kukatwa. Sababu zilikuwa nyingi. Mojawapo ni kwamba nchi ilitazamwa kwa muda mfupi. Aonaye ng'ombe mara moja hawezi kujua kama ananenepa au anakonda.

Siku hizi iko njia nyingine. Tangu mwaka 1972 setilaiti za Marekani ziitwazo Landsat huipiga dunia picha, zikirudi mahali pale pale tena na tena. Chukua vilima vya Kiboriani, kati ya Kongwa na Mpwapwa. Mtaalamu hulinganisha picha mbili zilizopishana miaka kumi, akazigawa katika viwanja vidogo. Tuseme viwanja 100 vilikuwa msitu, na sasa 90 vimebaki. Mwendo usipobadilika, baada ya miaka kumi mingine vitabaki 81. Tena huangalia ni vipi vilivyokatwa: vilivyo karibu na njia hutangulia, vya mteremko mkali huchelewa. Hivyo huchora ramani ya kesho.

Je, tuiamini? Kwanza ijaribiwe: kwa picha mbili za zamani abashiri mwaka uliokwisha kupita, kisha alinganishe na picha yake ya kweli. Tena yapasa kupanda kilima kwa miguu, maana kutoka juu shamba lililolazwa hufanana na pori.

Utabiri huo si hukumu. Waonyesha mahali pa kuweka mpaka mapema, kabla mvua haijachukua udongo wa kilima kilicho kitupu.

Nanyi wanafunzi, kila mwaka, mwezi ule ule, simameni mahali pamoja, mchore kilima chenu na kuhesabu mashamba yaliyopanda juu yake. Zitunzeni karatasi hizo shuleni. Watakaowafuata watazihitaji.