Faili Lililorekebishwa ni la Nani? Masasisho na Marekebisho ya Mtumiaji katika Linux Mint

Makala haya yanaeleza namna masasisho ya programu yanavyokutana na marekebisho ya mtumiaji katika Linux Mint, mfumo endeshi huria ulioanzishwa na Clement Lefebvre mwaka 2006 na unaoendelezwa na kikundi kidogo cha watayarishaji kwa michango ya watumiaji wake. Swali linaloongoza mjadala ni hili: mtumiaji akishabadili faili lililokuja na mfumo, faili hilo huwa ni la nani siku sasisho linapowadia? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua iwapo mtumiaji atasasisha kompyuta yake bila wasiwasi au ataahirisha kwa kuhofia kuharibiwa kazi yake. Na kompyuta iliyoahirishwa hubaki na matundu ya kiusalama ambayo yamekwisha kutangazwa hadharani.

Ni vyema kueleza uteuzi wa istilahi. Neno ubinafsishaji, ambalo baadhi ya programu hulitumia kwa maana ya kuupa mfumo sura aitakayo mtumiaji, lina maana nyingine iliyokita mizizi: kuuzwa kwa mashirika ya umma. Kwa sababu hiyo, makala haya yanatumia neno urekebishaji.

Linux Mint haikujengwa kutoka mwanzo. Toleo lake kuu limejengwa juu ya Ubuntu, nayo Ubuntu imejengwa juu ya Debian, mradi ulioasisiwa na Ian Murdock mwaka 1993. Kwa hiyo programu inayosakinisha vifurushi katika Mint, yaani dpkg, ni ya Debian, na kanuni inayoiongoza ni ya Debian pia. Sera ya Debian inaagiza kwamba mabadiliko aliyoyafanya msimamizi katika faili la mipangilio sharti yahifadhiwe kifurushi kinaposasishwa. Agizo hili hutekelezwa kwa kulinganisha alama tatu za uhakiki: ya faili lililokuja na toleo la zamani, ya faili lililopo kwenye diski sasa, na ya faili lililomo katika toleo jipya.

Tuchukue mfano wa /etc/sudoers, faili linaloeleza ni nani mwenye ruhusa ya kusimamia mfumo. Iwapo mtumiaji hakuligusa, dpkg huliweka jipya kimyakimya. Iwapo mtumiaji alilibadili lakini watayarishaji hawakulibadili, lake hubaki. Pande zote mbili zikiwa zimelibadili, dpkg husimama na kuuliza, na mtumiaji akibonyeza kitufe cha kuendelea bila kuchagua, lake ndilo hubaki, huku lile jipya likiwekwa pembeni kwa jina lenye kiambishi .dpkg-dist. Akichagua jipya, la kwake huhifadhiwa kwa kiambishi .dpkg-old. Hata faili la mipangilio ambalo mtumiaji amelifuta halirudishwi bila idhini yake, kwa kuwa kufuta nako huhesabiwa kuwa ni uamuzi. Arch Linux hufuata njia iliyo karibu na hiyo lakini bila kuuliza: faili la mtumiaji huachwa mahali pake na jipya huwekwa kando yake kwa kiambishi .pacnew, na kazi ya kuyapatanisha huachiwa mwenyewe.

Kanuni hiyo ni ya haki, lakini mipaka yake haionekani kwa urahisi. Kwa kawaida hulinda mafaili yaliyo katika folda ya /etc tu. Mafaili yaliyo chini ya /usr ni mali ya kifurushi, na sasisho huyafuta na kuyaandika upya bila kuuliza mtu. Athari ya jambo hili kwa mtumiaji wa Kiswahili ni ya moja kwa moja. Tuseme mtumiaji ameona tafsiri mbovu katika menyu, akafungua faili la tafsiri lililomo katika /usr/share na kuirekebisha kwa mkono. Sasisho lijalo la kifurushi hicho litarudisha kosa lilelile. Njia ya kudumu ni kuyafikisha masahihisho kwa wale wanaotunza tafsiri, ili yarudi kwa watumiaji wote kama sehemu ya kifurushi. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulifanya kazi katika ngazi hiyo, nayo ndiyo ngazi inayofaa. Tatizo ni kwamba mtumiaji wa kawaida haoni tofauti yoyote kati ya kubadili faili la /etc na kubadili la /usr, hadi siku anapopoteza kazi yake.

Sehemu ya tatu, na yenye utata zaidi, ni folda ya nyumbani ya mtumiaji. Humu dpkg haiingii kabisa. Kwa mtazamo wa kwanza huo ni usalama kamili, lakini humu ndimo yalimo marekebisho mengi ya eneokazi. Mipangilio ya Cinnamon, eneokazi kuu la Mint, huhifadhiwa katika hifadhidata ya dconf, na vijiprogramu vya upauni pamoja na viendelezi huwekwa katika ~/.local/share/cinnamon. Ikumbukwe kwamba Cinnamon yenyewe ilizaliwa kutokana na mzozo wa urekebishaji: GNOME 3 ilipotolewa Aprili 2011, watumiaji wengi waliona wamenyang'anywa mpangilio waliouzoea, na watayarishaji wa Mint wakaamua kujenga eneokazi lao.

Viendelezi hivyo ni msimbo wa JavaScript unaoendeshwa ndani ya eneokazi lenyewe na kugusa sehemu zake za ndani. Sehemu hizo zikibadilika, kiendelezi huvunjika hata kama faili lake halikuguswa. Ushahidi ulio wazi zaidi unatoka kwa jirani: GNOME 45, iliyotolewa Septemba 2023, ilibadili namna viendelezi vinavyoingiza moduli, na vile vilivyoandikwa kwa matoleo ya awali havikuweza kufanya kazi hadi viandikwe upya. Hapa swali la umiliki linageuka. Faili ni la mtumiaji bila shaka, lakini maana yake inategemea programu ambayo si yake.

Mint ilijaribu kwanza kumlinda mtumiaji kwa kuchuja. Kwa miaka mingi Kisimamia Masasisho kiliyapanga masasisho katika ngazi 1 hadi 5 kwa kadiri ya uwezekano wa kuvuruga mfumo, na mengi ya ngazi za juu, yakiwemo ya kerneli, hayakuchaguliwa kwa chaguo-msingi. Wakosoaji walisema, na kwa maoni yangu walisema kweli, kwamba mpango huo ulichanganya hatari mbili: ya mfumo kuvurugika na ya mfumo kubaki wazi kwa washambuliaji. Toleo la 19 la mwaka 2018 lilibadili mwelekeo. Mtumiaji alishauriwa kupokea masasisho yote, na Timeshift, programu inayohifadhi nakala ya hali ya mfumo, ikawa ndiyo kinga: mambo yakiharibika, unarudi nyuma. Toleo la 20.2 la mwaka 2021 liliongeza vikumbusho kwa wanaochelewa kusasisha, na likaleta masasisho ya vijiprogramu na viendelezi vya Cinnamon ndani ya Kisimamia Masasisho hichohicho.

Mabadiliko ya 2018 yalikuwa sahihi, ila yana pengo. Kwa chaguo-msingi, Timeshift haihifadhi folda za nyumbani. Uamuzi huo una mantiki, kwani mtu anayerudisha mfumo wa juzi hataki kupoteza barua alizoandika jana. Hata hivyo, matokeo yake ni kwamba mfumo hurudi nyuma huku mipangilio ya eneokazi ikibaki ilipofikia, na viendelezi vilivyosasishwa hukutana na Cinnamon ya zamani.

Inafaa kutazama jinsi Mint yenyewe inavyorekebisha Ubuntu, kwa kuwa nayo ni mtumiaji wa kazi ya wengine. Ilipoamua mwaka 2020, katika toleo la 20, kuzuia usakinishaji wa snapd, haikubadili faili lolote la Ubuntu. Iliongeza faili dogo, nosnap.pref, katika /etc/apt/preferences.d, na anayetaka snapd hulifuta. Mbinu hiyohiyo inapatikana kwa mfano wetu wa awali: badala ya kuhariri /etc/sudoers, msimamizi huweka faili lake katika /etc/sudoers.d, na swali la dpkg halizuki tena. Kwa mipangilio ya eneokazi, mtumiaji anaweza kuendesha amri ya dconf dump / kabla ya sasisho kubwa na kupata mipangilio yake kama matini ya kawaida anayoweza kuisoma, kuilinganisha na kuirejesha. Viendelezi havimo katika matini hayo. Huvinakili peke yake, pamoja na kuandika namba ya toleo la Cinnamon vilivyokuwa vikifanya kazi nalo.