Waacheni Wakroatia na Jina Lao

Waulize watu wa Melbourne ambao hawajawahi kukanyaga Somers Street, uliko uwanja wa Melbourne Knights, watakuambia hiyo ni klabu ya fujo, ya Wakroatia waliokataa kuwa Waaustralia. Maneno hayo yamesemwa tangu enzi za babu zao, magazetini na katika ofisi za wakubwa wa soka, na mimi nimechoka kuyasikia. Sisi tuliokulia Kenya tunaujua wimbo huo. Mwaka 1980 serikali yetu iliamuru klabu ziache majina ya makabila. Abaluhya ikawa AFC Leopards, Luo Union ikawa Re-Union. Majina yalibadilika, lakini Waluhya waliendelea kupiga ngoma zao za isukuti jukwaani, na wala nchi haikuvunjika kwa sababu ya isukuti.

Melbourne Knights ilianzishwa mwaka 1953 na Wakroatia waliotoka Yugoslavia baada ya Vita Vikuu vya Pili. Wakati huo hapakuwa na dola huru iliyoitwa Kroatia. Uhuru wao ulitangazwa mwaka 1991. Kwa hiyo huku ugenini mtu alihesabiwa Myugoslavia, akashinda kiwandani akiitwa kwa jina la nchi ambayo wengi wao waliikimbia. Siku ya mechi ndipo alipoingia uwanjani nyuma ya timu hii, ambayo wakati huo iliitwa Croatia, akalitamka jina hilo kwa sauti kubwa mbele ya watu. Kwa kundi lisilo na ubalozi wala bendera inayotambuliwa, timu ya mpira ilikuwa ndiyo taifa. Asiyelijua hilo hawezi kuelewa kwa nini walilishikilia jina kwa meno.

Naam, vurugu zilikuwapo. Mwaka 1972 klabu ilifukuzwa ligini kwa sababu ya ghasia za mashabiki, ikabidi irudi kwa kujiunga na klabu nyingine, Essendon Lions. Na mwaka 2022, kwenye fainali ya Australia Cup, baadhi ya mashabiki wa Sydney United, klabu ndugu ya Wakroatia, walipiga saluti ya kifashisti. Hao sina la kuwatetea, na adhabu waliyopewa waliistahili. Lakini jamii nzima haihukumiwi kwa mikono ya wachache.

Nendeni Sunshine North, upande wa magharibi ambako viwanda vimepangana, mkaone wenyewe. Kabla hujauona uwanja utasikia harufu ya mkaa na nyama. Ni ćevapi: nyama ya kusaga iliyoviringwa kwa unene wa kidole, ikachomwa, ikatiwa ndani ya mkate pamoja na vitunguu vibichi na ajvar, ile rojo ya pilipili hoho nyekundu. Wenye kuchoma ni watu wa klabu wenyewe, na hicho ndicho ninachokipenda zaidi ya mpira. Baba anasimama motoni, mama anakata mkate, kijana aliyetoka kucheza timu ya watoto anapokea pesa. Hapo hapo mgeni anaulizwa jina lake na kwao ni wapi, naye hujikuta ana mkate mkononi kabla hajamaliza kujibu. Kwetu pwani tungesema hawa wanajua kukirimu.

Hata jukwaa lao lina historia yake. Mark Viduka alilelewa na klabu hii, akaisaidia kutwaa ubingwa wa Australia msimu wa 1994–95, kisha akauzwa Zagreb. Pesa za uhamisho wake zilijenga jukwaa, nalo likapewa jina lake. Ngoma za jadi na mavazi ya tarizi wanayo pia, ila hayo utayaona katika kila tamasha la wahamiaji.

Mila yao kubwa kuliko zote ni mashindano. Tangu katikati ya miaka ya 1970 klabu za Wakroatia wa Australia hukutana kila mwaka katika mji mmoja: North Geelong, Sydney United, Canberra Croatia, Adelaide Raiders, hata Gwelup kutoka Perth, zaidi ya kilomita 3,000 kwa barabara kutoka Melbourne. Kombe ni kisingizio. Watu wanakwenda kuonana, kupatana na ndugu waliokosana, na kuwaonyesha watoto kwamba wako wengi.

Tarehe 22 Juni 2006, mjini Stuttgart, Australia na Kroatia zilitoka sare 2–2 katika Kombe la Dunia. Dunia inaikumbuka mechi hiyo kwa sababu mwamuzi Graham Poll alimwonyesha Josip Šimunić kadi tatu za njano. Somers Street ina sababu nyingine ya kuikumbuka. Šimunić, beki wa Kroatia, na Viduka, nahodha wa Australia, wote wawili waliwahi kuvaa jezi ya Knights. Je, klabu iliyoipa Australia nahodha wake iligomea nini hasa?

Pamoja na hayo, ligi mpya ya kitaifa ilipoanza mwaka 2005 haikuwa na nafasi yao, wakaishia katika ligi ya jimbo la Victoria. Mwaka 2014 shirikisho la soka la Australia, FFA, likapiga marufuku majina na alama mpya za kikabila, na katika Kombe la FFA la mwaka huo likawakatalia kuandika jina la mdhamini wao kifuani, kwa kuwa lilikuwa na neno Croatia. Klabu ikalalamika kwenye tume ya haki za binadamu. Marufuku ilifutwa mwaka 2019, bila mtu kuwarudishia waliyopoteza.

Sasa waasisi wanazikwa mmoja mmoja, na wajukuu wengi wanaelewa Kikroatia cha jikoni tu. Huku huku magharibi vijana wa Sudan Kusini, Kongo na Burundi wanacheza kila jioni kwenye viwanja vya kuazima. Siku watakapoanzisha klabu yao na kuipa jina la kwao, nataka waandikishwe kwa jina hilo hilo, na nataka wawe na uwanja wenye hati mkononi mwao.