Kwa nini mashujaa wa Japani huwavunja moyo mashabiki

KWA karne nyingi wakazi wa visiwa vya Lamu wamesimuliana kisa cha Fumo Liyongo bila kukichoka. Super Sentai, kipindi cha runinga cha Japani kuhusu vikosi vya mashujaa wenye mavazi ya rangi mbalimbali, kilidumu nusu karne tu, na katika muda huo kilikuwa na misimu iliyowavunja moyo hata mashabiki wake wakubwa.

Je, ni nini hudumisha hadithi ya shujaa, na ni nini huidhoofisha?

Super Sentai ilianza Aprili 1975 kwa msimu wa Gorenger, uliobuniwa na mchoraji wa katuni Shotaro Ishinomori na kutengenezwa na kampuni ya Toei. Mashujaa watano, kila mmoja na rangi yake, walipendwa mno hata msimu huo ukafikia sehemu 84.

Wengi nje ya Japani waliujua mtindo huo kupitia Power Rangers, kipindi cha Marekani kilichoanza mwaka wa 1993. Kilitumia picha za mapigano za msimu wa Kijapani wa 1992, Zyuranger, huku waigizaji wa Marekani wakiigiza sehemu zilizosalia.

Msimu wa kwanza kuteleza ulikuwa wa pili, JAKQ, ulioanza Aprili 1977. Mashujaa wake walikuwa wanne, watu waliogeuzwa miili yao kuwa nusu mashine, na visa vyake vilikuwa vizito. Ulipokosa kuvutia watazamaji wa kutosha, watayarishaji waliongeza mzaha, kisha wakamleta shujaa wa tano, Big One, aliyeigizwa na Hiroshi Miyauchi, mmoja wa nyota wa Gorenger.

Dawa hiyo iligeuka sumu. Big One aliwazidi wenzake kwa kila jambo, nao wale wanne wakabaki kama wapambe harusini. Msimu ulimalizika Desemba 1977 baada ya sehemu 35, na ikapita zaidi ya mwaka mmoja kabla ya mwingine, Battle Fever J, kuanza Februari 1979.

Ohranger, msimu wa 1995, uliandamwa na mkosi wa aina nyingine. Ulianza mapema Machi ukiwa na kikosi cha kijeshi kilichopigana na himaya ya mashine. Tarehe 20 mwezi huohuo, wafuasi wa kundi la Aum Shinrikyo walitoa gesi ya sumu ya sarin ndani ya treni za Tokyo. Visa vya miji kushambuliwa havikuwa tena burudani ya watoto, na msimu ulioanza kwa uzito ukaelekea kwenye mzaha. Watayarishaji hawakustahili lawama nyingi, lakini mtazamaji aliona hadithi mbili zilizoshonwa pamoja.

Power Rangers nayo iliteleza ilipoadhimisha miaka 20. Super Megaforce, msimu wa 2014, ulitumia picha za Gokaiger, msimu wa Kijapani wa 2011 unaosifiwa sana. Katika Gokaiger, maharamia walijifunza thamani ya uwezo waliorithi kutoka kwa mashujaa waliowatangulia. Toleo la Marekani lilichukua mavazi ya mashujaa hao, likaacha sababu ya kuyavaa.

Ikumbukwe kuwa vipindi hivi vilitegemea mauzo ya vitu vya kuchezea, vikiwemo vya kampuni ya Bandai. Biashara hiyo si kosa, kwani bila fedha hizo kipindi hakingekuwapo. Tatizo huzuka pale silaha mpya inapoingia katika kisa kwa sababu tu iko dukani.

Hapa ndipo kisa cha Liyongo kinapotoa funzo. Katika utendi ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka wa 1913, Liyongo anapofungwa Pate haokolewi na nguvu zake pekee. Mamake anaficha tupa ndani ya mkate wa wishwa, ambao walinzi wanaupuuza, na mjakazi Saada anaupeleka gerezani. Kila msaidizi ana kazi yake, na kila kifaa kina sababu.

Isitoshe, shujaa huyo asiyedhurika kwa silaha nyingine anaweza kuuawa kwa sindano ya shaba kitovuni. Anamfichulia siri hiyo mwanawe wa kumzaa, naye ndiye anayemwua. Hatari hiyo haiondolewi ili kumfurahisha msikilizaji.

Mwaka wa 2025, Super Sentai ilipotimiza miaka 50 kwa msimu wa Gozyuger, ilitangazwa kwamba nafasi yake kwenye kituo cha TV Asahi ingechukuliwa na mfululizo mwingine mwaka uliofuata.

Vijana wa Lamu, Siyu na Faza wanaotamani kumwona Liyongo katika filamu au katuni wana mengi ya kujifunza kutokana na safari hiyo. Wanaweza kumvika rangi yoyote na kumpa kikosi chochote. Wasimwondolee ile sindano ya shaba.